Meza ya paina imepasuka katikati na miguu inacheza, nianzie wapi?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo, lilikuwa hivi: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Dodoma, kazi ya mbao najifunza mwenyewe nyumbani tangu mwaka jana. Mwezi wa tatu nilitengeneza meza ya chakula, urefu futi 4, upana futi 2 na nusu. Nilitumia mbao za paina za 1 kwa 8, nikazibandika kwa gundi nyeupe, nikazipigilia misumari kwenye fremu pande zote, juu nikapaka vanishi mikono mitatu. Ilinyooka mpaka majirani wakaniuliza nimenunua wapi. Mwezi wa saba imepasuka katikati, imeinuka kama mgongo wa kobe na miguu inacheza. Mume wangu anasema ninunue mninga na mashine ya kukatia. Nina msumeno wa mkono, nyundo, patasi moja, randa ya mtumba na keekee ya umeme. Nianzie wapi?"

Marahaba dada yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kabla sijasema kitu kingine nataka ujue kwamba mikono yako haina shida. Mtu anayejifunza peke yake nyumbani akatoa meza iliyonyooka hivyo, huyo anaweza kazi. Kilichopasua meza yako ni maji, yaani maji yaliyokuwemo ndani ya mbao siku unainunua, na hiki kitu ndo karibu hakuna anayemwambia mwanafunzi mapema. Wengi wanaanza kwa kufundishwa kupima na kukata, ya mbao kukauka wanakuja kuyajua baadaye kwa hasara.

Angalia tarehe zako mwenyewe. Umenunua mbao mwezi wa tatu, Dodoma bado kuna mvua, na paina nyingi inayouzwa huko inatoka Mafinga kule Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi yanayolizunguka. Mti unaangushwa, unachanwa, mbao zinapakiwa kwenye lori, na pengine ndani ya wiki mbili tatu ziko yadi kwako. Alafu mwezi wa tano mvua zinakata, kiangazi kinaingia, ule upepo mkavu wa Dodoma unaanza, mpaka midomo inakauka. Meza yako nayo ilikuwa inakauka humo humo ndani, usiku na mchana, na mbao ikikauka inapungua upana.

Sasa hapa kuna jambo linawadanganya hata mafundi wa siku nyingi. Mbao mbichi ina maji ya aina mbili, kuna maji yaliyojaa kwenye vile vitundu vya ndani na kuna maji yaliyonyonywa na nyuzi zenyewe. Yale ya kwenye vitundu yanaondoka kwanza, na yakiondoka mbao inakuwa nyepesi, unaibeba unasema hii imekauka, kumbe haijapungua hata milimita. Ni mpaka maji yafike kama asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu ndo nyuzi zinaanza kutoa ya kwao, na hapo ndo mbao inaanza kusinyaa, kupinda na kupasuka. Kwa hiyo mbao inayoonekana kavu pale yadi mara nyingi ndo iko mlangoni mwa kuanza kusinyaa. Na ikikaa ndani ya nyumba Dodoma wakati wa kiangazi itashuka mpaka kwenye asilimia 10 hivi, wakati mbao hiyo hiyo ingekaa Tanga au Dar ingeishia kwenye 14 hivi kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu mwingi.

Na haisinyai kila upande sawa. Chukua mabua ya mtama ya huko huko kwenu, yafunge kifurushi yakiwa mabichi, yaache juani. Yakikauka kamba inalegea kwa sababu kila bua limekuwa jembamba, ila ukipima urefu wa bua ni ule ule. Mbao ni hivyo hivyo, ni kifurushi cha nyuzi. Urefu wake ni kama haubadiliki kabisa, upana ndo unaoondoka. Meza yako yenye upana wa futi 2 na nusu, ikitoka kwenye unyevu wa asilimia 20 kushuka mpaka 10, inataka kupungua karibu sentimita moja na nusu. Inataka, na hakuna wa kuizuia, nguvu ya mbao inayosinyaa haishindwi na msumari. Wewe umeigongomea kwenye fremu pande zote, na vile vipande vya fremu vya kukatisha, urefu wake unaenda kwenye upana wa meza, na urefu nimesema haupungui. Basi uso wa meza unavuta, fremu imegoma, lazima kitu kiachie. Kikaachia katikati.

Huo mgongo wa kobe sababu yake ni vanishi. Umepaka juu mikono mitatu, chini hukupaka, si ndiyo? Vanishi haizuii maji kabisa ila inayachelewesha sana, kwa hiyo upande wa chini umekauka haraka, ukasinyaa, wa juu bado umebaki mpana, meza ikajikunja kwenda chini kingoni na katikati ikainuka. Dawa yake ni ndogo tu, siku zote chochote unachopaka juu paka na chini, mikono ile ile. Hakuna mgeni atakayeinama kuangalia lakini mbao inajua.

Miguu nayo ni maji hayo hayo pamoja na misumari. Msumari unashika kwa sababu nyuzi za mbao zinaubana, mbao ikikauka inalegea pale kwenye msumari, na msumari ukiingia kwenye kichwa cha mbao, yaani pale ilipokatwa, unapita katikati ya nyuzi badala ya kuzikatisha, hapo haushiki vizuri hata siku ya kwanza. Gundi nayo kwenye kichwa cha mbao inanyonywa tu kama maji kwenye sponji.

Haya mambo nayajua kwa kulipia. Miaka yangu ya mwanzo nikiwa karakana Keko, Dar, nilitengeneza kabati la nguo la mkongo, kazi ya wiki tatu, milango yake nikaweka paneli pana ndani ya fremu, na kwa kutaka iwe imara nikapaka gundi mzunguko mzima wa paneli. Mkongo ni mbao tulivu sana, na hili lilikuwa kavu kwa hali ya Dar. Kabati likaenda Dodoma kwa mteja. Kiangazi hakijaisha mteja akapiga simu, milango yote miwili imepasuka toka juu mpaka chini, akasema usiku walisikia mlio kama mtu amevunja fimbo. Nilipanda basi nikaenda kuangalia kwa macho yangu, na nakumbuka nilivyosimama mbele ya ule mlango nikaona ufa umefuata nyuzi umenyooka kama umepigwa rula. Milango nikaitengeneza upya kwa gharama yangu. Safari hiyo paneli niliiacha huru ndani ya mfereji, haina gundi hata tone, na mzee mmoja pale karakana akaniambia makabati ya zamani yote ndo yalivyo, paneli inaelea. Toka siku hiyo sijawahi kubana mbao pana.

Basi tuje kwenye kufanya. Nitaanza na kununua, maana nusu ya kazi inaisha pale yadi.

Ukifika usichukue mbao za juu juu, omba uchague mwenyewe, wengi wanakubali ukiwa mstaarabu na ukiwapangia upya zile ulizoshusha. Angalia kichwa cha mbao. Utaona miduara ya ukuaji, na kama katikati yake pana kile kitobo au doa la kiini cha mti iache, mbao yenye kiini itapasuka hata ufanyeje. Miduara ikiwa imepinda sana kama upinde, ujue hiyo mbao ikikauka itajikunja, na itajikunja kinyume na upinde wenyewe, kana kwamba ile miduara inataka kujinyoosha. Miduara iliyosimama wima kwenye unene wa mbao ndo tulivu, ukipata hizo chukua zote. Miduara mipana sana mara nyingi ni dalili ya mti uliokatwa mchanga, na miti michanga inatoa mbao inayojipinda kama kamba. Alafu shika kichwa kimoja, kingine kiweke chini, funga jicho moja angalia ukingo mpaka mwisho. Na pima unene sehemu tatu, zile mbao zinazochanwa na mashine ndogo za huko shambani, wenyewe wanaziita dingidongi, mara nyingi huku ni inchi moja, kule inchi moja na robo. Ukibandika hizo pamoja bila kuranda utateseka.

Jambo moja naomba ulizingatie sana. Zile mbao zenye rangi ya kijani kijani, mbao za dawa za kupaulia nyumba, usizitumie kwa meza ya chakula wala kitanda cha mtoto, na vipande vyake usichome jikoni kabisa. Mara nyingi dawa ile ina aseniki pamoja na shaba na kromiamu, ni nzuri dhidi ya mchwa kwenye paa, ila ukiranda unavuta vumbi lake, na ukichoma moshi wake ni sumu na majivu ni sumu. Nimeona watu wanapikia mabaki ya paa na inaniuma kila nikiona.

Mbao zikifika nyumbani usifanye nazo kazi siku hiyo. Zipange ndani au kwenye baraza yenye kivuli, chini weka vipande vya kuinulia, na kati ya mbao na mbao weka vijiti vya unene sawa kila baada ya futi moja na nusu hivi, vijiti vikae mstari mmoja juu ya kingine, la sivyo mbao itakauka imebonyea. Juu weka matofali kadhaa ya uzito. Vichwa vya mbao vipake rangi yoyote iliyobaki au hata gundi, kwa sababu maji yanakimbilia vichwani na hapo ndo nyufa zinaanzia. Jua lisipige moja kwa moja. Paina ya inchi moja kwa hali ya Dodoma kiangazi, miezi miwili inaweza kutosha, masika weka mitatu au zaidi.

Utajuaje imekauka? Kipimo cha umeme cha unyevu kipo ila huna haja ya kukinunua, tumia mizani ya jikoni ile ya kupimia unga. Kata kipande cha mbao hiyo hiyo, 1 kwa 8, urefu sentimita 30, usikate mwishoni kabisa mwa mbao, vichwa vyake vipake gundi, alafu kiweke katikati ya rundo lako kikauke pamoja na wenzake. Kila Jumamosi kipime andika nyuma ya mlango. Kitaenda kama gramu 880, 830, 795, 772, 760, 754, 751, 750, 750. Kikiacha kushuka wiki mbili mfululizo kimefikia hewa ya nyumba yako, na rundo lipe wiki mbili tatu zaidi maana mbao ndefu zinachelewa. Na ukitaka kujua asilimia yenyewe, na una oveni, kata kijipande kingine, kipime, kiweke kwenye nyuzijoto 100 hivi mpaka uzito ugome kushuka, alafu chukua uzito uliopotea gawa kwa uzito wa mwisho. Wewe ni mwalimu, hiyo hata wanafunzi wako watafurahi kuifanya.

Kuhusu mashine, mume wako namwelewa kwa sababu ukiangalia karakana kubwa unaona kelele na vumbi unadhani ndo kazi. Mimi ningesema hela ya mashine kaeni nayo kwanza. Mbao zako pana peleka karakana yoyote yenye mashine ya kuranda, walipe wakurandie zote unene mmoja, baada ya kukauka sio kabla, hiyo ni kazi ya nusu saa. Kingine chote kwa hatua yako kinafanyika kwa mkono. Vya kununua ni patasi nyingine ya nusu inchi iwe ya chuma kizuri, skwea, tepu ya kupimia, na msasa wa maji ule wanaotumia mafundi wa rangi za magari, namba 240, 600 na 1000. Huo msasa wala sio wa mbao, ni wa kunolea.

Maana kitu ambacho kingebadilisha kazi yako wiki hii hii ni makali. Randa ya mtumba uliyonayo naweza kukisia, inaruka ruka, inang'oa nyuzi, unasukuma mpaka jasho alafu mbao inatoka na mabaka. Sasa fanya hivi. Toa kisu chake. Tafuta kipande cha kioo kinene, hata cha dirisha, kiweke mezani pasipocheza, bandika msasa 240 juu yake kwa maji tu. Kwanza laza mgongo wa kisu, ule upande ulio bapa, ubonyeze ukisugua mpaka inchi moja ya mwisho iwe inang'aa mfululizo bila doa la kutu, hapo utatumia nusu saa au saa nzima lakini ni mara moja kwa maisha ya kisu hicho. Alafu geuza upande wenye mteremko, uinamishe kama nyuzi 30, mkono usitikisike, vuta kuja kwako usisukume. Baada ya kuvuta mara nyingi pitisha kidole taratibu upande wa mgongo, kwa kutokea ndani kwenda nje, utasikia kama unywele wa chuma umesimama kwenye ukingo. Ukisikia huo ukingo wote, umefika. Hamia 600, alafu 1000, malizia kwa kulaza mgongo mara chache uondoe ule unywele. Jaribu kwenye kichwa cha paina. Kisu butu kinakiponda kinakuwa cheupe chenye unga, kisu kikali kinakiacha laini na kinang'aa kama kimepakwa nta. Siku utakapoona randa inatoa ukanda mwembamba unaojikunja mpaka unaweza kusoma gazeti kupitia humo, hutotamani mashine kwa muda.

Patasi nayo unanoa vile vile. Na noa kabla haijawa butu, mimi kwenye kazi ya siku nzima nanoa mara nne tano.

Sasa kazi ya kuanzia. Usianze na meza nyingine. Nataka utengeneze stuli moja, na nataka uitengeneze kama kitanda cha kamba. Sijui kama kwa bibi yako kilikuwepo, kile kitanda chenye matendegu manne, mifumbati miwili mirefu na vitakizo viwili, kamba imesukwa katikati. Kiangalie vizuri siku ukikiona. Hakina msumari. Tendegu lina matundu, mfumbati na kitakizo vina ndimi, ulimi unaingia kwenye tundu, na kamba ikishavutwa inazivuta zile mbao nne ziingie ndani zaidi ya matundu yake. Ukikilalia hakilegei, na kamba ikichoka unaikaza tu. Mbao ikisinyaa hakuna kinachopasuka kwa sababu hakuna mbao pana. Waliokitengeneza walikuwa wameshamaliza tatizo lako zamani sana, na kwa kujifunza ulimi na tundu sijaona kitu kizuri kuzidi hicho.

Nunua paina ya 2 kwa 2, kavu, iliyonyooka, uiteue kwa jicho kama nilivyosema. Ukiranda itabaki kama milimita 45 kila upande. Kata miguu minne ya sentimita 45, na vipande nane vya kuunganisha vya sentimita 41, vinne vya juu na vinne vya chini. Kila kipande cha kuunganisha mwisho wake ni ulimi wa urefu wa milimita 30, kwa hiyo nafasi inayobaki kati ya mguu na mguu ni sentimita 35. Ulimi uwe na unene wa milimita 12 au 13, kadiri ya upana wa patasi yako ya nusu inchi, na upana wa milimita 20. Kwenye mguu usitoboe tundu karibu sana na juu, acha angalau sentimita 2 za mbao nzima, la sivyo patapasuka wakati wa kuingiza. Na matundu mawili ya mguu mmoja yasikutane ndani, vipande vya mbele na nyuma vikae juu, vya ubavuni vishuke sentimita 3.

Toboa tundu kwanza, ulimi baadaye, kwa sababu ulimi unaupunguza kidogo kidogo mpaka ulingane na tundu lakini tundu likishapanuka halirudi. Chora kwa ncha ya kisu badala ya penseli, ule mkwaruzo patasi inauingia yenyewe. Tumia keekee kutoa nyama ya katikati, matundu mawili jirani ya milimita 10, funga utepe kwenye ncha ya keekee kuonyesha kina cha milimita 32 usije ukatokea upande wa pili, alafu patasi inasafisha kuta. Ulimi kata kwa msumeno nje ya mstari, siku zote nje, upande wa mbao ya kutupa. Ukiujaribu uingie kwa kusukuma na mkono na kugongwa kidogo mwishoni. Ukiingia wenyewe ukacheza, umelegea. Ukihitaji nyundo kwa nguvu utapasua mguu. Wa kwanza utachukua saa nzima na utakuwa mbaya, wa nane utachukua robo saa. Una ndimi kumi na sita, kwa hiyo ukimaliza stuli hii umeshapata mkono.

Gundi weka ndani ya tundu na kwenye ulimi, sio nyingi, unganisha pande mbili kwanza kama ngazi mbili, kesho yake uziunganishe. Klampu huna, usihangaike, zungusha kamba kwenye miguu yote, ingiza kijiti usokote mpaka ikaze, funga kijiti kisirudi. Kabla gundi haijashika pima kona kwa kona, namaanisha toka mguu huu mpaka ule wa mshazari, alafu mshazari mwingine. Vipimo vikilingana stuli imekaa mraba, visipolingana ibonyeze ile kona ndefu. Acha siku nzima. Kamba ya katani au nailoni ya milimita 6, mita 60 hivi zinatosha, izungushe toka mbele kwenda nyuma ukiacha nafasi ya kamba moja, alafu rudi kwa ubavu ukipita juu na chini ya zile za kwanza. Vuta kwa nguvu, unaona mwenyewe viungo vinavyojibana.

Na meza usiitupe. Ng'oa misumari taratibu, uso wake uweke juu ya vijiti chumbani mwezi mzima umalizie kukauka, uwe huru. Alafu pita na msumeno kwenye ule ufa wenyewe mpaka upate vipande viwili, randa kingo zile mbili mpaka ukizikutanisha kwenye mwanga wa dirisha usione mwanga kupita, paka gundi, bana kwa kamba na kabari. Itakuwa imepungua sentimita mbili tatu, haina neno. Miguu yake rudia kwa ulimi na tundu, utakuwa umeshajua. Kurudisha uso kwenye fremu tumia skrubu toka chini, na kwenye vile vipande vya fremu vya kukatisha tundu la katikati liwe la kawaida, ila yale ya pembeni toboa matundu matatu yanayogusana uyaunganishe yawe kama mfereji mfupi wa milimita 12, kuelekea upande wa upana wa meza, weka washa, ile pete bapa ya chuma, chini ya kichwa cha skrubu, kaza mpaka iguse alafu usiongeze. Mwaka hadi mwaka meza hiyo itapanuka masika na kupungua kiangazi kama milimita 5 au 7, skrubu zitatembea ndani ya mifereji yake na hutoona ufa. Paka vanishi juu, chini, na hasa vichwani.

Umeuliza pia mninga. Mninga ni mbao ya heshima na inasinyaa kidogo mno ukilinganisha na paina, mume wako hajakosea kuipenda. Ila kwanza ni ghali kwa kujifunzia, pili vumbi lake linawasumbua wengi pua na kifua, lazima uvae barakoa, tatu ni mti wa porini unaochukua miaka mingi sana kukua, kwa hiyo ununue kwa mtu mwenye vibali vya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na akupe risiti, usichukue za usiku. Mlingoti hata usiuguse kwa sasa, unajipinda vibaya. Mtiki wa mashambani kama wa Longuza kule Muheza ni mzuri kwa hatua ya pili. Lakini kama anataka kukusaidia kweli, mwambie anunue mbao mbili tu za mninga, 1 kwa 8, zipangeni kwa vijiti chini ya kitanda chenu, vichwa vimepakwa rangi, na kipande cha kupima kila Jumamosi. Utakapokuwa umemaliza stuli na kurudisha meza zitakuwa zimeshazoea hewa ya nyumba, na hapo utengeneze benchi la kukalia kwenye hiyo meza.